Mkalimani wa Ukurasa wa 301

Miezi miwili kabla ya kitabu kutoka, mji wa Kakamega ulikuwa umeshakijua. Bango lake lilisimamishwa kando ya barabara ya Mumias, refu kupita paa la duka lililokuwa nyuma yake, likiwa na picha ya kizimba kitupu na maneno manne: Neno moja. Mtu mmoja. Redioni, kila asubuhi kabla ya taarifa ya habari, mwanamume mwenye sauti nzito alisoma aya moja kisha akakatiza palepale ambapo msikilizaji angetaka kuendelea. Vijana wa mitandaoni walijirekodi wakifunga kurasa za mwisho huku wamejishika vichwa. Wakili mmoja, ambaye jina lake halikutajwa, alinukuliwa akisema kwamba tangu akisome hapati usingizi.

Kitabu chenyewe kiliitwa Shahidi Namba Tisa. Kiliandikwa na George Khaemba, mtoto wa Matungu aliyekulia Nairobi, na kwa maelezo ya wachapishaji kilikuwa riwaya ya mahakamani ambayo Kiswahili hakijawahi kupata mfano wake.

Rosebella Mideva hakuwa mtu wa kuchukuliwa na matangazo. Alikuwa na miaka sitini na miwili, mkalimani wa mahakama mstaafu, na kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa amesimama kati ya shahidi na hakimu akiyatoa maneno kwenye Kiluhya cha kila namna na kuyatia kwenye Kiswahili au Kiingereza, kisha akiyarudisha. Kazi hiyo humfundisha mtu kutoamini sauti nzito. Lakini siku moja redio ilisoma kwamba ndani ya kitabu hicho bibi mmoja kutoka mashamba ya miwa anapanda kizimbani, anatamka neno moja, na hapana mtu mahakamani anayelielewa. Na kwamba juu ya neno hilo ndipo kesi nzima inaposimama. Mideva alikuwa akichambua mboga. Aliacha, akaongeza sauti ya redio, lakini aya ilikuwa imeshakatizwa.

Aliishi Lurambi na Tracy, binti wa kaka yake, aliyeuza simu katika duka moja mjini. Tracy alimwita senje, kama Waluhya wanavyomwita shangazi wa upande wa baba, na ndiye aliyekuja na kitabu siku kilipofika madukani. Alikisoma yeye kwanza. Alikimaliza kwa siku mbili, akikisoma dukani chini ya kaunta wateja walipopungua, na alipomkabidhi Mideva alimwambia, "Senje, hii kitabu ni moto. Usiulize mwisho, nitakuharibia."

Mideva alianza kusoma siku ya Jumatatu baada ya chai. Kurasa za mwanzo zilimpendeza. Karani wa mizani ya miwa alikutwa amekufa kando ya tela, na mwandishi alijua harufu ya miwa iliyokaa siku tatu bila kubebwa. Kisha akaingia wakili kutoka Nairobi, Brian Sakwa, kijana mwenye suti za rangi ya majivu, na tangu hapo mambo yakaanza kwenda mbio. Kulikuwa na helikopta iliyotua Isecheno katikati ya msitu, mahali ambapo Mideva alipajua vyema na hakukumbuka nafasi ya kutua kitu chochote kikubwa kuliko ndege hondohondo. Kulikuwa na jaji aliyegonga nyundo ya mbao mezani kila ukurasa wa pili. Katika miaka yake yote Mideva hakuwahi kuiona nyundo mahakamani, ila mara moja, nayo ilikuwa kielelezo katika kesi ya wizi. Na walikuwapo raia kumi na wawili walioapishwa na kuketi upande wa kulia, ambao ndio walioamua mshtakiwa ana hatia au hana. Watu hao hawapo katika mahakama za Kenya. Aliwaona mara nyingi kwenye filamu za ng'ambo.

Yote hayo aliyasamehe. Alijisemea kwamba mwandishi ana haki ya kujenga mahakama yake apendavyo, mradi lile neno lije. Alikuwa akisubiri neno.

Alikuwa na sababu ya kulisubiri. Mwaka wa tisini na sita, akiwa na miaka thelathini na mitatu, alifasiri katika kesi ya mauaji iliyosikilizwa na jaji aliyetoka pwani. Jaji hakujua Kiluhya, wala wakili wa mshtakiwa, aliyekuwa ametoka Kisumu. Mshtakiwa naye hakujua Kiingereza. Kwa hiyo, kila kilichopita chumbani mle kilipita kinywani mwa Mideva. Ijumaa alasiri alipanda shahidi, mzee mkata miwa ambaye meno ya mbele yalikuwa yamemtoka, akasema jinsi alivyomwona mshtakiwa na marehemu kwenye matanga. Katika usemi wa mzee huyo, neno la kumchukua mtu na neno la kumuua mtu hutofautiana kwa pumzi moja, na Mideva, ambaye kwao ni Maragoli, wanakosema Kiluhya tofauti, alisikia la pili. Akalitia kwenye Kiingereza. Jaji akaliandika kwa mkono wake. Saa ikafika, kesi ikaahirishwa hadi Jumatatu.

Jioni ile jirani yake alimwita mkewe amchukue mtoto. Mtu huyo alitoka sehemu alikotoka yule mzee, na neno lilikuwa lilelile. Mideva alisimama mlangoni na beseni mikononi, na akajua kwamba mzee alikuwa amesema la kwanza.

Jumamosi na Jumapili zilizofuata hakumwambia mtu. Kama angenyamaza, pengine wakili angeuliza swali ambalo lingeyaweka mambo sawa, na pengine asingeuliza. Kama angesema, angekuwa mkalimani aliyekosea katika kesi ya kifo, na alikuwa na miaka minne tu kazini. Jumatatu asubuhi, kabla ya shahidi kurudi kizimbani, alisimama akasema kwamba siku ya Ijumaa alikuwa amekosea neno moja. Jaji alimtazama juu ya miwani, akamwuliza kama ana hakika. Akasema anayo. Jaji akachukua kalamu, akakata mstari, akaandika juu yake, akamwita mzee athibitishe. Ilichukua dakika kumi. Wakati wa chakula hapana aliyemtajia jambo hilo, na hadi anastaafu hakuna aliyewahi kumtajia.

Basi alipofika ukurasa wa mia tatu, Mideva alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Yule bibi wa mashamba ya miwa alipanda kizimbani. Ukurasa wa mia tatu na moja ulisema hivi: mtu mmoja alisimama kando yake ili kufasiri. Hiyo ndiyo ilikuwa sentensi nzima. Ukurasa wa mia tatu na mbili, wakili Sakwa na yule bibi walikuwa wakizungumza ana kwa ana, wakielewana bila taabu, na yule mtu mmoja hakutajwa tena, kana kwamba alikuwa ametoka kwenda kunywa maji. Bibi akalitamka neno. Mwandishi hakuliandika. Alisema tu kwamba chumba kizima kiliganda.

Zilipita kurasa mia moja za kufukuzana. Mwishoni kabisa, Sakwa aligundua kwamba bibi hakuwa bibi: alikuwa mwanamke wa miaka arobaini aliyejipaka rangi usoni, mshirika wa muuaji, aliyesoma ng'ambo na kuongea Kiingereza kama maji. Neno lake halikuwa na maana yoyote. Alikuwa amelibuni ili kuivuruga kesi.

Mideva alifunga kitabu akakiweka mezani, akaenda kutazama maharagwe aliyokuwa ameyainjika. Hakukasirika. Kilichompata kilikuwa kama cha mtu aliyealikwa arusini, akafika amevaa vizuri, akakuta ni nyumba nyingine. Tracy aliporudi na kumwuliza amekionaje, alimjibu kwamba amekimaliza. Tracy alisubiri zaidi ya hapo, hakupata kitu, akaenda kubadilisha nguo. Siku iliyofuata Mideva alianza kukisoma upya kutoka ukurasa wa kwanza, polepole, akitafuta kama kuna alichokiruka. Hakukipata.

Jambo lingeishia hapo kama isingekuwa mwalimu Andati. Andati alikuwa amefundisha Kiswahili maisha yake yote, na sasa aliongoza kikundi cha wasomaji kilichokutana kwake kila Jumamosi ya pili ya mwezi. Riwaya ya Kiswahili kupigiwa baragumu namna ile kulikuwa kumemfanya kijana. Aliwaandikia wachapishaji, nao wakakubali kumleta mwandishi mwenyewe Kakamega, katika ukumbi wa hoteli, pamoja na nakala ishirini za bure kwa kikundi. Akampigia simu Mideva amwombe awe wa kwanza kuzungumza, kwa vile yeye ni mtu wa mahakama na maneno yake yatakuwa na uzito.

Mideva alimwambia waziwazi kwamba kitabu hakikumridhisha. Andati alimwomba aseme atakalo, ila asilisahau neno hongera. Akaongeza kwamba kijana wa watu anatoka mbali.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa. Walikuja walimu, wanafunzi wa chuo, wanawake wa kanisa waliomjua mama yake Khaemba, na Wandera mwenye duka la dawa, ambaye hakukosa mkutano wowote wenye chai. Khaemba alikuwa mtu wa miaka thelathini na minane hivi, mpole, mwenye shati lililopigwa pasi vizuri na sauti ndogo kuliko ile ya redioni. Aliwasalimia wazee kwa mikono miwili. Mideva alimpenda mara moja, na hilo likafanya kazi yake iwe ngumu zaidi.

Alipokaribishwa, alisimama na kitabu mkononi. Alisema hongera kwanza, kama alivyoombwa, na hakudanganya, kwa sababu ile tela ya miwa ilistahili hongera. Hakuigusa helikopta wala nyundo. Kisha akasema, "Nimekisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa natafuta lile neno. Mara ya pili nilikuwa namtafuta mkalimani. Yuko ukurasa wa mia tatu na moja. Ukurasa unaofuata hayuko, na hakuna mtu katika kitabu anayeuliza alikwenda wapi."

Watu walicheka kidogo, wakidhani ni utani. Khaemba pia alitabasamu. Alieleza kwa heshima kwamba mwanzoni alikuwa na mkalimani, lakini kila swali lilipotamkwa mara mbili, na kila jibu mara mbili, kesi ilikwenda kwa mwendo wa mkokoteni. Mhariri alishauri amtoe. Msomaji wa siku hizi, alisema, hapendi kusubirishwa.

Mideva alisema hilo analielewa, maana hata majaji hawakulipenda.

Hapo Tracy aliinua mkono kutoka viti vya nyuma. Alisema tangu amalize shule hakuwahi kumaliza kitabu chochote, na hiki alikimaliza kwa siku mbili, na wenzake dukani wamekigombania mpaka jalada limetoka. Yeye hakuona pengo la huyo mkalimani hata kidogo. "Pole senje," alimalizia, "lakini ni ukweli." Makofi yalikuwa mengi kuliko aliyopigiwa Mideva, na Mideva mwenyewe alipiga pamoja nao, kwa sababu alikuwa amemwona Tracy na kile kitabu chini ya kaunta na alijua anasema kweli.

Makofi yalipotulia, Khaemba alimgeukia tena. Hakuuliza kwa kejeli. "Lakini mama, mkalimani anafanya nini pale, jambo la mtu kulisimulia?"

"Anakosea," Mideva alisema.

Andati aliyekuwa akiangalia saa aliacha kuiangalia. Khaemba aliomba mfano, na Mideva, ambaye kwa karibu miaka thelathini hakuwa amelisimulia jambo lile kwa mtu, aliona hana sababu ya kulificha tena; lilikuwa limeandikwa kwenye jalada la kesi, na kukatwa, na kuandikwa tena. Akalisimulia bila kutaja jina la mtu wala la kijiji. Alieleza Ijumaa ile, na jirani na mtoto wake, na Jumatatu. Alitumia dakika tano. Alipofika mahali jaji alipokata mstari, alisema basi, akakaa.

Watu walikuwa wakimtazama kana kwamba bado anaendelea. Ndipo Wandera akauliza alilokuwa akiuliza kila mtu moyoni: kwa hiyo, ni nani aliyemuua yule marehemu?

Mideva alisema haikujulikana. Mshtakiwa aliachiliwa kwa kukosa ushahidi, na polisi hawakumshika mwingine.

Wandera akauliza kama mshtakiwa alikuja kumshukuru. Mideva alisema hapana, mtu yule hakujua Kiingereza, na huenda hadi leo hajui kulitokea nini Ijumaa ile. Mwanafunzi mmoja akataka kujua kama yeye mwenyewe aliamini mshtakiwa hana hatia. Mideva alifikiri, akasema kwamba hakuwa ameajiriwa kuamini.

Aliwaona wakilegea vitini. Aliifahamu sura ile. Ilikuwa sura yake mwenyewe siku alipofunga ukurasa wa mwisho wa Shahidi Namba Tisa: watu walioahidiwa neno na wasilipate. Kisa chake kilikuwa cha kweli toka mwanzo hadi mwisho, na kilikuwa kimewaangusha kwa namna ileile ambayo kitabu kilikuwa kimemwangusha yeye. Alishangaa kidogo, na hakuumia. Mwanamke mmoja wa kanisa alimpapasa mgongoni, kama mtu anavyompa pole mwenzake aliyefiwa.

Khaemba peke yake hakuwa amelegea. Alikuwa ameinama mbele, viwiko magotini. Aliuliza swali moja tu.

"Hizo siku mbili, Jumamosi na Jumapili. Ulifanya nini?"

"Nilifua," Mideva alisema. "Nilifua kila kitu kilichokuwa ndani ya nyumba. Hata mapazia."

Khaemba hakuliandika. Aliitikia kwa kichwa, kisha Andati akasimama kuwashukuru wote, chai ikaletwa, na watu wakapanga foleni wapate kutiliwa sahihi. Foleni ilifika hadi mlangoni. Wandera alinunua nakala tatu. Mideva hakuingia kwenye foleni. Alikunywa chai yake na mwalimu Andati, ambaye alimwambia kwamba mambo yamekwenda vizuri kuliko alivyoogopa, na Mideva akakubaliana naye.

Wakirudi nyumbani, Tracy alipunguza mwendo walipokaribia kufika. Akamwuliza kwa nini hakuwahi kumweleza habari za jaji yule. Mideva alisema hakuwahi kuona mahali pa kuanzia. Tracy akasema kwamba kwa kweli kile kisa hakina mwisho, lakini yeye angekuwa na kesi, angetaka senje ndiye awe pale. Mideva alimwambia asijitafutie kesi.

Wiki mbili baadaye Khaemba alipiga simu. Namba alikuwa amepewa na Andati. Kitabu chake kilikuwa kinachapishwa mara ya pili, alisema, na wachapishaji wanadai kingine upesi. Hakuomba ruhusa ya kutumia kisa chake, na Mideva alilitambua hilo na kulithamini. Aliuliza tu kama anaweza kumpeleka mahakamani siku moja, kwani alikuwa hajawahi kuketi humo. Aliungama hilo bila kuzungukazunguka. Alichokuwa nacho kilitoka kwenye filamu, na kwa rafiki yake mmoja aliyesomea sheria na kuiacha.

Walikutana Jumanne asubuhi nje ya jengo, wakaingia wakaketi benchi la nyuma. Kesi mbili za kwanza ziliahirishwa, moja kwa sababu shahidi hakufika, nyingine kwa sababu wakili alikuwa na kesi kwingine. Khaemba alitazama kila kitu: mafaili yaliyofungwa kwa uzi, askari aliyesinzia amesimama, hakimu aliyeandika huku akisikiliza na hakugonga chochote. Ya tatu ilikuwa ya miti iliyokatwa mpakani mwa mashamba mawili. Mkalimani alikuwa Ashley, msichana aliyechukua nafasi ya Mideva. Mlalamikaji alikuwa mzee mwenye koti la mvua, na alisema kwa haraka, kichwa ameinamisha.

Katikati ya jibu moja Ashley alinyamaza. Alimwinamia mzee, akamwuliza kitu kwa sauti ya chini. Mzee akarudia. Ashley akauliza tena. Hakimu alikuwa ameinua kalamu, anangoja. Kisha Ashley akafasiri, na kesi ikaendelea.

"Kwa nini alimwuliza mara mbili?" Khaemba alinong'ona.

Mideva alisema hajui. Pengine mzee alisema baba, pengine alisema baba mkubwa. Pengine Ashley alisikia vizuri tangu mwanzo na alitaka tu kuwa na hakika. Kutoka benchi la nyuma mtu hawezi kujua.

Khaemba alikaa hadi saa sita, akaaga, akiuliza kama anaruhusiwa kurudi peke yake siku nyingine. Mideva alimjibu kwamba mlango ule uko wazi kwa watu wote, na hahitaji kuruhusiwa na yeyote. Alhamisi alirudi. Mideva hakuwapo, alikuwa shambani akipalilia kunde, na habari alizipata kwa Ashley walipokutana sokoni wiki iliyofuata. Ashley alisema yule mgeni alikaa toka asubuhi mpaka mahakama ilipofungwa, na hakuandika hata neno. Mideva aliuliza siku hiyo kulikuwa na kesi gani. Ashley akasema za kawaida tu, wakaanza kuchagua nyanya.